Taa ya oili ikiwaka, tusikimbilie kusema ni sensa



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita tulizungumzia hapa matunzo ya gari la familia, na tukadhani mada ile tumeimaliza. Barua ya dada mmoja wa Tanga imetuonyesha kwamba hatukuimaliza. Kwa kawaida barua za wasomaji tunazijibu kwa mistari michache chini ya ukurasa, lakini hii, baada ya kuisoma mara ya pili, tuliona inastahiki safu nzima. Kwa idhini yake tunaieleza kwa ufupi, bila ya kumtaja.

Dada yetu huyu anaendesha gari dogo la Kijapani la miaka ya 1990, ambalo mumewe alilinunua likiwa limeshatumika kwa muda mrefu. Mume anafanya kazi mbali na nyumbani na hurudi mwisho wa mwezi. Gari hilo ndilo linalopeleka watoto shule asubuhi na madrasa alasiri, na ndilo linalompeleka mama mkwe kliniki. Miezi miwili iliyopita, taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili linalodondosha tone ilianza kupepesa. Haikuwa ikiwaka asubuhi. Ilikuwa ikiwaka alasiri, injini ikiwa imeshapata moto, pale anaposimama langoni mwa madrasa kuwasubiri watoto. Akikanyaga mafuta kidogo, inazimika. Akiachia, inarudi.

Akalipeleka gari kwa fundi. Fundi akafungua boneti, akatazama kidogo, akamwambia: "Ni sensa tu hiyo, mama. Magari haya yakizeeka ndivyo yalivyo." Kisha akaingiza mkono, akachomoa waya mmoja, akaufunga kwa utepe mweusi, na taa haikuwaka tena. Dada yetu akalipa shilingi elfu tano na kurudi nyumbani akiwa na furaha. Sasa mumewe anataka kuliuza gari hilo ili waongeze fedha wanunue jingine, na amesema waliuze upesi wakati dashibodi ni safi, kwa kuwa mnunuzi ana macho yake na fundi wake, atakagua mwenyewe.

Dada anatuuliza mambo mawili. Je, kweli ilikuwa ni sensa? Na je, mnunuzi akija, yeye anyamaze?

Tutaanza na la kwanza, kwa sababu la pili linalitegemea.

Taa ya oili katika magari ya umri huo ni chombo chepesi mno. Ina balbu kwenye dashibodi, ina waya mmoja unaoshuka hadi kwenye injini, na mwisho wa waya huo ipo swichi ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, ambayo watu wengi huiita sensa. Ufunguo unapofunguliwa, umeme unaingia kwenye balbu, kisha unatafuta njia ya kurudi kupitia swichi ile hadi kwenye chuma cha injini, ambacho mafundi hukiita ethi. Injini ikiwa haijawashwa, swichi imeshikana na chuma, umeme unapita na taa inawaka. Injini ikiwaka, pampu inaisukuma oili, oili nayo inaisukuma ngozi nyembamba iliyomo ndani ya swichi, swichi inaachana na chuma, na taa inazimika. Hakuna kompyuta hapo wala hesabu yoyote.

Kwa hiyo taa hii haipimi kiasi cha oili kilichomo, kama wengi wetu tunavyodhani. Inapima presha, yaani nguvu inayoisukuma oili ipite katika matundu membamba na kufika kwenye beringi za injini. Injini inaweza kuwa imejaa oili hadi alama ya juu ya kijiti, na presha ikawa haipo. Tena taa huchelewa kuwaka. Kwa injini za Corolla za miaka ile, kipimo cha kiwandani ni kwamba injini ikinguruma taratibu presha isipungue takriban PSI 4, na ikizungushwa mizunguko 3,000 kwa dakika iwe kati ya PSI 35 na 70. Hiyo PSI ndiyo ile ile tunayopimia upepo wa matairi. Msomaji ataona jinsi 4 ilivyo ndogo. Swichi hushikana pale presha inapokaribia kwisha kabisa, na inayopepesa hivi leo imeshakuwa ikishuka kwa muda bila ya kutuambia.

Sasa tuitazame kazi ya yule fundi. Alichomoa waya, taa ikazimika, akahukumu kwamba swichi ni mbovu. Ukweli ni kwamba alifanya nusu ya kipimo, na nusu hiyo inathibitisha jambo jingine. Taa ya oili ikiwaka muda wote na tukataka kujua kama uongo unatoka kwenye waya, tunafungua ufunguo na kuuchomoa waya kwenye swichi. Taa ikiendelea kuwaka ilhali waya umechomolewa, maana yake waya umechubuka mahali fulani na umegusa bodi, na hapo kweli taa inasema uongo. Taa ikizimika, waya hauna kosa. Basi. Alichokithibitisha fundi wa dada yetu ni kwamba waya ni mzima na kwamba ujumbe ulikuwa ukitoka kwenye swichi. Kama swichi ilisema kweli au uongo, hilo hakulipima hata kidogo. Ni sawa na kadhi aliyemtoa shahidi nje ya mahakama, kisha akasema kwa kuwa sasa kuna utulivu, bila shaka shahidi yule alikuwa mwongo.

Hatutaki kuwaonea mafundi. Swichi hizi huchakaa kweli. Ngozi yake hupasuka, oili ikavuja kupitia kwenye swichi yenyewe, na ukichomoa kifuniko cha waya unakikuta kimelowa. Swichi iliyokufa huweza kuiacha taa ikiwaka tangu gari linapowashwa asubuhi, lina baridi, na hata ukikanyaga mafuta haibadiliki. Taa inayowaka gari likirushwa na mashimo na kuzimika kwenye lami hutufanya tuushuku waya unaosuguana na chuma. Taa inayowaka kwenye kona au wakati wa kufunga breki hutuambia tukatazame kijiti mara moja, kwani huenda oili imepungua na inayumba ndani ya sampu, pampu ikavuta hewa.

Lakini taa ya dada yetu haina sura ya yoyote kati ya hizo. Inawaka injini ikiwa na moto tu, ikinguruma taratibu tu, na inazimika akikanyaga mafuta. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na injini ikinguruma taratibu pampu huzunguka polepole. Huo ndio wakati presha inapokuwa chini kuliko wakati wowote, na injini iliyochoka huanza kuonyesha udhaifu wake hapo hapo. Swichi mbovu kwa kawaida haina busara ya kuchagua saa ya kusema uongo.

Hatuwezi kuhukumu kwa barua. Huenda oili iliyowekwa ni nyepesi mno kwa injini ile, au imekaa miezi mingi bila ya kubadilishwa. Huenda chujio lililo chini ndani ya sampu limeziba, au pampu imechoka, au beringi zimelika. Na huenda, pamoja na yote tuliyosema, swichi ndiyo mbovu. Njia ya kujua ipo, nayo ni geji ya presha ya oili. Swichi inafunguliwa, mpira wa geji unafungwa mahali pake, injini inawashwa hadi ipate moto sawasawa, kisha namba inasomwa injini ikinguruma taratibu na inaposomwa tena ikiwa imekanyagwa. Ni kazi ya nusu saa. Namba ikiwa nzuri, nunua swichi mpya, ambayo ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa katika gari zima. Namba ikiwa mbaya, gari lisitembee hadi chanzo kijulikane.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Bila shaka taa ya gari si fasiki, wala aya haikushuka kwa ajili ya dashibodi. Lakini adabu ya kuhakiki inatuhusu, na katika mkasa huu aliyeleta habari isiyohakikiwa alikuwa ni yule aliyesema "ni sensa tu". Injini ikikosa oili kwa dakika chache tu, beringi hukwaruzana, chuma kinashika chuma, injini inanoki. Tunamfikiria dada yetu na watoto wanne, siku ya likizo, mahali fulani kati ya Segera na Chalinze, jua la saa saba, na dashibodi safi isiyo na taa hata moja.

Ikitokea taa hii imewaka nawe uko njiani, tafuta mahali salama, simama, zima injini. Usijipe moyo kwamba kituo kiko karibu. Subiri dakika kadhaa oili ishuke, gari likiwa mahali tambarare, kisha vuta kijiti. Ikiwa oili imepungua, ongeza na utazame imeenda wapi. Ikiwa oili ni ya kutosha na taa bado inawaka unapowasha, gari livutwe. Gharama ya kuvutwa inauma, tunajua.

Na sisi tuliwahi kuuziwa taa isiyosema. Gari letu la kwanza lilikuwa Corolla ya mwaka 1996, tuliyoinunua kwa mtu kupitia dalali. Siku ya kulikagua tulifanya kama tulivyofundishwa: tukafungua ufunguo bila ya kuwasha injini, taa zote zikawaka, tukawasha injini, taa zote zikazimika. Tukasema alhamdulillah, tukalipa. Miezi minane gari lilikula mafuta kuliko magari ya jirani zetu ya aina ile ile, bomba la moshi likawa jeusi ndani kama sufuria ya kuni, na kila fundi alikuwa na sababu yake. Mmoja alisema ni plagi, mwingine akasema ni petroli za siku hizi.

Aliyeugundua ukweli ni fundi umeme mmoja, mzee wa makamo, aliyeitwa kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Alifungua ufunguo, taa zikawaka, akachomoa waya wa swichi ya oili kama tulivyoeleza hapo juu. Taa ya oili ikazimika, kama inavyopasa. Lakini taa ya cheki injini nayo ikazimika pamoja nayo, kwa mkupuo mmoja. Yule mzee akacheka, akasema, "Hizi mbili zimeozeshwa." Taa ya cheki injini haina uhusiano wowote na swichi ya oili, inaamrishwa na kompyuta ya injini, na ilipaswa kubaki ikiwaka hadi injini iwashwe. Akaifungua dashibodi. Nyuma yake tukakuta waya ulio kwenye taa ya cheki injini umekatwa, na kipande kidogo cha waya kimelehemiwa kutoka kwenye taa ya oili. Kila taa ya oili ilipowaka, ile nyingine iliwaka. Ilipozimika, ile nyingine ilizimika. Ilikuwa ni taa ya maonyesho.

Akaurudisha waya mahali pake na kuwasha injini. Taa ikabaki inawaka. Katika Toyota nyingi za miaka ile kipo kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fundi anayekijua akiunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha akafungua ufunguo bila ya kuwasha injini, taa ya cheki injini hupepesa kwa hesabu, hata bila ya mashine ya kupimia. Kama hakuna kosa lililohifadhiwa, hupepesa mfululizo bila ya kupumzika. Yetu ilipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara moja. Hiyo ni 21, sensa ya oksijeni iliyoko kwenye bomba la moshi. Kuibadilisha kulichukua chini ya saa moja. Aliyeificha alilazimika kufungua dashibodi nzima, kukata, kulehemu na kufunga upya. Tulishindwa kuelewa mtu huyo alikuwa akikimbia kazi gani.

Tangu siku ile, katika nyumba yetu ukaguzi wa taa hufanyika usiku baada ya Isha, gari likiwa uani na taa za nje zimezimwa. Mchana jua huficha mengi. Mtoto mmoja hukaa kiti cha mbele na kuhesabu. Ufunguo unafunguliwa, injini haijawashwa: oili, chaji, cheki injini na breki yenye handbreki lazima ziwake. Taa isiyowaka hapo ni ya kuogopwa kuliko inayowaka, maana huenda balbu imeungua, au kuna mtu ameitoa. Mtoto wetu wa pili, wakati huo ana miaka tisa, ndiye aliyegundua kwamba taa ya begi la hewa ya gari la mjomba wake haiwaki kabisa. Inapaswa kuwaka sekunde chache kisha izimike yenyewe, injini iwe imewashwa au haijawashwa. Mjomba hakupendezwa.

Kwa kuwa tumeshaingia humo, tuseme machache kuhusu nyingine. Taa ya chaji ikiwaka hafifu, mwanga mdogo unaoonekana usiku tu, usiipuuze: mara nyingi altaneta imeanza kuchoka, au kuna muungano wenye kutu. Pima betri kwa mita. Gari likiwa limezimwa na limepumzika, betri iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6, injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Tena katika baadhi ya magari ya zamani umeme wa kuiamsha altaneta hupitia kwenye balbu hiyo hiyo, hivyo balbu ikiungua altaneta nayo huacha kuchaji. Balbu ya bei ya chapati mbili inakulaza njiani.

Taa ya breki hutumikia mabwana wawili, handbreki na kopo la mafuta ya breki. Handbreki ikiwa imeachiwa na taa bado inawaka, tazama kopo. Mafuta yakishuka, huenda pedi zimelika au kuna mahali panavuja. Kuongeza tu bila ya kuangalia ni kumziba shahidi mdomo. Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo, na mara nyingi tatizo ni tope au waya kwenye sensa ya gurudumu. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, usiendeshe. Na taa ya begi la hewa fundi yeyote asiichokonoe kwa testa, kwani begi linaweza kulipuka usoni mwake.

Tuje kwenye swali la pili la dada yetu.

Wasomaji wanakijua kisa kilichopokewa na Imam Muslim, cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akamtoa mwenye kughushi katika kundi lake. Tukizingatie kisa hicho vizuri. Mtu yule hakuinyeshea mali yake maji. Mvua ilinyesha yenyewe. Kosa lake lilikuwa ni kuacha kikavu kikae juu. Sasa gari la dada yetu: si kwamba kasoro imekaa chini yenyewe. Waya umechomolewa kwa mkono na kufungwa utepe. Dada hakukusudia hadaa siku ile, na fundi pengine alidhani anasaidia. Lakini mnunuzi akiletwa mbele ya dashibodi ile, na wenye gari wanajua, utepe ule unakuwa ni wao.

Hoja ya shemeji yetu kwamba mnunuzi ana macho yake tumeisikia mara nyingi, na wengine huongeza kwamba wanauza "kama lilivyo". Wanazuoni wameijadili kwa kirefu. Sheria inampa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo naye hakuijua, hata kama muuzaji mwenyewe hakuijua. Na katika madhehebu ya Shafi, anayetaka kuitumia haki hiyo asicheleweshe tangu anapoijua kasoro. Ama sharti la "kama lilivyo", rai yenye nguvu katika madhehebu hayo ni kwamba halimvui lawama muuzaji aliyeijua kasoro akaificha. Mwenye kutaka ufafanuzi zaidi wa masuala haya amwendee sheikh wake. Jibu letu kwa dada ni kwamba asinyamaze. Wala waya usisubiri mnunuzi. Anawabeba watoto ndani ya gari lile leo.

Tunaelewa kwamba si rahisi kwa mke kumwambia mumewe hivyo kwa simu, tena kuhusu fedha ambazo ameshazipangia matumizi. Tungemshauri asianze na hadithi. Aanze na geji. Aseme, "Baba fulani, kabla hatujaliuza, nimpeleke fundi apime presha ili tujue tunauza kitu gani." Mwanamume yeyote anayependa gari lake atakubali hilo. Namba ikiwa nzuri, watabadilisha swichi, wataurudisha waya, na watauza gari lenye taa inayofanya kazi na bei isiyopungua. Namba ikiwa mbaya, mume atakuwa anajadili namba, na mke atakuwa hana haja ya kubishana naye.

Na ikiwa mbaya, kuna mambo mawili: watengeneze kisha wauze, au wauze kwa bei ya gari lenye injini iliyochoka, mnunuzi akijua. Wapo wanunuzi wa magari ya namna hiyo, hasa mafundi. Sisi Corolla yetu tulipoiuza ilikuwa na kasoro nyingine mbili, tukaziandika kwenye karatasi na kuiweka juu ya dashibodi. Mnunuzi wa kwanza aliisoma karatasi akaondoka. Wa pili alikuja baada ya wiki tatu, akapunguza laki nne, na tulizihitaji laki nne zile kwa ada ya shule. Hatukufurahi. Mnunuzi yule bado tunakutana naye msikitini.

Dada yetu, kurudisha waya ule ni kazi ya dakika moja. Fungua boneti injini ikiwa ya baridi, au mwite kijana yeyote wa gereji aliye karibu, utepe utolewe na waya uchomekwe mahali pake. Kisha fungua ufunguo uone kama taa imewaka. Mpaka geji ifungwe, watoto waende madrasa kwa miguu au kwa bajaji. Tutasubiri barua yako ya pili utujulishe namba ilikuwa ngapi, na tutaichapisha hapa ukituruhusu.

Wiki ijayo, in shaa Allah, tutarudi kwenye swali la kijana wa Kigoma kuhusu mahari ya kulipa kwa awamu, ambalo tumeliahirisha mara mbili sasa na tunamtaka radhi.

Wabillahi tawfiq.